Dini ikisemwa vibaya, Muislamu ajibu nini?

Oktoba 2012, huko Mbagala, Dar es Salaam, watoto wawili walibishana. Mmoja alikuwa Muislamu, mwenzake Mkristo, na ubishi wao, kama ulivyosimuliwa siku zile, ulihusu kitakachompata mtu akiunajisi Msahafu. Yule wa Kiislamu alishikilia kwamba mtu huyo hugeuka nyoka. Mwenzake akataka kuona, akaukojolea. Hakugeuka chochote. Habari ikatoka uchochoroni ikafika misikitini, na Ijumaa ya tarehe 12 umati ukakusanyika kituo cha polisi kudai ukabidhiwe mtoto yule. Polisi walipokataa, hasira ikageukia majirani. Makanisa kadhaa yakavamiwa, mengine yakatiwa moto.

Uchungu ule naujua. Sisi Msahafu hatuugusi bila udhu, hatuuweki chini, na ukichakaa hatuutupi jaani. Muislamu akisikia umekojolewa, moyo lazima umuume. Lakini miaka yote hii linalonisumbua zaidi ni yule mtoto wa Kiislamu. Nani alimfundisha kwamba ushahidi wa Qur'ani ni nyoka? Rafiki yake alipomtilia shaka kitabu chake, kitu pekee alichokuwa nacho cha kukitetea kilikuwa tishio. Na tishio lilipokosa kutimia, watu wazima wakalichukua mikononi mwao na kulitimiza wao.

Bukhari na Muslim wamepokea kisa ambacho mwanafunzi wa fiqhi, sheria ya Kiislamu, hukutana nacho mapema sana, kwenye mlango wa tohara, yaani usafi wa ibada. Bedui mmoja aliingia msikiti wa Mtume (S.A.W.) mjini Madina, akaenda pembeni akakojoa. Masahaba wakamwinukia. Mtume akawazuia: mwacheni, msimkatize. Alipomaliza, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale, akawakumbusha masahaba zake kwamba wametumwa kurahisisha, hawakutumwa kutia uzito. Katika riwaya ya Anas, alimwita yule bedui akamweleza kwa upole kwamba misikiti haifai kwa mkojo wala uchafu, ni mahali pa kumtaja Mwenyezi Mungu, pa Sala na pa kusoma Qur'ani.

Madrasa zetu hukisoma kisa hiki kutafuta hukumu: mkojo ukimwagika ardhini utasafishwaje, kwa maji kiasi gani. Hukumu hiyo tunaihitaji. Ila hapohapo pana somo jingine ambalo tunalipita haraka, la namna Mtume alivyoupokea uchafu ndani ya msikiti wake mwenyewe, mbele ya watu waliokuwa tayari kufa kwa ajili yake. Mtu atasema bedui hakujua na mtoto wa Mbagala alikusudia. Sawa. Lakini alikusudia kumshinda rafiki yake katika ubishi wa kitoto, na makanisa yalikuwa na kosa gani? Qur'ani inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Na katika Sura ya Hajj, aya ya 40, inataja nyumba za watawa, makanisa na masinagogi pamoja na misikiti, kwamba zote zingevunjwa lau Mwenyezi Mungu asingewakinga watu kwa watu. Waliochoma Mbagala walikuwa wakikitetea kitabu chenye aya hiyo.

Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni aliyefariki mwaka 1111, alikutana na watetezi wa namna hii katika zama zake. Mwanzoni mwa kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, anatoa mfano wa kupatwa kwa jua na mwezi. Wataalamu wa nyota walikuwa wanaeleza kwa hesabu kwamba mwezi huingia katika kivuli cha dunia, na baadhi ya watu wa dini wakaona ni wajibu wao kuyakanusha hayo kwa jina la Uislamu. Ghazali akawajia juu. Mtu aliyekwisha kuziona hesabu zile kwa akili yake, alisema, ukimwambia zinapingana na sheria hatazitilia shaka hesabu, ataitilia shaka sheria. Akaongeza kwamba wanaoinusuru sheria kwa njia isiyo yake huidhuru kuliko wanaoishambulia. Na huyu si mtu aliyeogopa kujibu. Kwa wanafalsafa aliandika kitabu kingine kizima cha kueleza maneno yao yalivyo, kwa uaminifu kiasi kwamba Ulaya ya zama za kati walikisoma kitabu hicho kwa Kilatini wakamdhania ni mwanafalsafa mwenzao.

Hapa Tanzania, njia yetu ya kujibu ilichukua sura yake katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo Waislamu walikuwa wamehubiriwa kwa muda mrefu mno. Shule nyingi zilikuwa za misheni, hospitali nyingi zilikuwa za misheni, na wapo wazazi waliokataa kabisa kuwapeleka watoto shule wakihofia watarudi wamebatizwa, hofu ambayo haikuwa ya bure. Watoto wale walikua bila cheti, wakaja kuambiwa kwamba dini yao ndiyo iliyowachelewesha. Ndipo zilipoingia kanda za mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Durban, Afrika Kusini. Mjadala wake wa mwaka 1986 na mhubiri wa Marekani Jimmy Swaggart, kule Louisiana, ulizunguka Afrika nzima kwa video. Wahubiri wetu wakaichukua njia hiyo wakaipa Kiswahili. Wakaunda umoja wao wa mlingano wa dini, UWAMDI, wakatoka viwanjani na Biblia mkononi. Kumbukumbu la Torati 18:18, Mathayo 15:24, Yohana 14:16: aya hizi, walizozitumia kudai kwamba Biblia inamtabiri Muhammad na kwamba Yesu alitumwa kwa Israeli tu, zilijulikana Kariakoo na Ujiji kama zinavyojulikana kwa wachungaji.

Sitaibeza mihadhara hiyo ya viwanjani. Fundi seremala, mchuuzi wa samaki, mtu ambaye hakuwahi kukaa darasa moja na padri, alisimama akasikilizwa. Aliyezoea kuonwa mjinga aligundua kwamba anaweza kukisoma kitabu cha mwenziwe na kukiuliza maswali. Heshima hiyo ilikuwa kubwa, na asiyeielewa hawezi kuelewa kwa nini watu walijaa vile. Wahubiri wale, pia, walisoma. Walikijua kifungu na sura, jambo ambalo wengi wanaobishana kwa simu siku hizi hawalifanyi.

Lakini mihadhara ilikuwa na gharama. Serikali na makanisa waliiita kashfa, yaani kuitukana dini ya wengine. Februari 1998 mvutano huo ulifika msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakauawa kwa risasi. Hilo limeandikwa sana na bado lina machungu yake. Kuna gharama nyingine ambayo haikuandikwa, nayo iko ndani yetu. Tulilea kizazi kinachoweza kukutajia bila kufungua kitabu mahali Yesu aliposema kwamba hakutumwa ila kwa kondoo waliopotea wa nyumba ya Israeli, lakini ukikiuliza maana ya At-Tahiyyatu, ambayo huisoma mara tisa kila siku katika Sala za faradhi, kinababaika. Kijana aliweza kuonyesha kwa nini Utatu haumwingii akilini, ila hakuweza kusema kwa nini yeye anaamka alfajiri. Uislamu wake ulikuwa ushindi dhidi ya mtu fulani. Siku mtu huyo anapokuwa hayupo, au anapokuja mwingine asiyeiamini Biblia wala Qur'ani, kijana wetu hana pa kuanzia. Na huyo mwingine amekwishakuja. Yumo katika simu yake, anaongea Kiswahili kizuri, na Yohana 14:16 haimhusu.

Kumbe pwani yetu ilikuwa na njia nyingine ya kujibu, ya zamani kuliko mihadhara, na ninaiona bora. Mwaka 1923 Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Zanzibar, alitoa tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili. Aliifuatisha na maelezo yake, ya kuwasaidia walimu wa Kikristo wanaokabiliana na Waislamu. Hebu tulitafakari jambo hilo. Mswahili asiyejua Kiarabu, akitaka kuisoma Qur'ani nzima kwa lugha yake, ilimbidi ampitie mtu aliyekuwa akiipinga. Miaka 30 baadaye, 1953, ikatoka tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad wa jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo mashekhe wa Kisunni nao waliikataa kwa sababu ya itikadi iliyokuwa ndani ya maelezo yake. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alikuwa ameanza yake, akafariki 1947 hajaimaliza. Mwanafunzi wa njia hiyohiyo, Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Unguja, ndiye aliyekamilisha. Qurani Takatifu yake ilichapwa kamili Nairobi mwaka 1969, yeye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kutoka 1923 hadi 1969 ni miaka 46. Tulichelewa, sitalificha hilo. Lakini leo Dale yuko katika maktaba za watafiti, na kitabu cha Sheikh Farsy kiko juu ya kabati katika nyumba ya bibi yako na yangu. Hakuna mhadhara ulioweza kufanya kazi hiyo.

Sheikh Al-Amin anastahili kuzungumzwa kwa kirefu kidogo. Alizaliwa 1891 katika ukoo wa wanachuoni, akapanda mpaka kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 1930 alianza kusambaza karatasi aliyoiita Sahifa, na 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Wamisionari aliwajibu, tena kwa ukali unaostahili. Ila msomaji wa makala zake hukuta kwamba wanaopigwa zaidi si wamisionari. Ni Waislamu wa Mombasa: wanaotumia mali yote kwenye harusi na matanga, wanaodharau elimu ya kisasa kisha wakalalamika kwamba kazi wanapewa wengine, wanaoiga kwa Mzungu mavazi na anasa wakamwachia bidii yake na umoja wake. Alielewa kwamba adui akitoa lawama, mtu mwenye imani huuliza kwanza kama lawama ile ni kweli. Kuuliza hivyo hakukumpunguzia Uislamu hata chembe. Alikuwa kadhi akikemea nyumba yake, na watu walimsikia kwa sababu walijua anaipenda.

Nina sababu ya kulishikilia hili, kwa maana kuna lawama moja ambayo pwani yetu hatujaijibu sawasawa mpaka leo, nayo ni ya utumwa.

Mgeni akifika Mji Mkongwe hupelekwa Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, soko ambalo Sultani Barghash bin Said alilifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza. Anaonyeshwa vyumba, anaelezwa misafara, na anaondoka na picha moja kichwani: Waislamu waliuza watu na Wakristo wakaja kuwakomboa. Muislamu anayeishi hatua chache kutoka pale anayajua maelezo hayo tangu utotoni. Jibu lake la kawaida ni kwamba Wazungu nao walifanya. Ni kweli walifanya. Katika karne ya 18 watumwa wengi kutoka Kilwa walipelekwa kwenye mashamba ya Wafaransa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na pembe za ndovu zilizobebwa na wapagazi na watumwa ziliishia kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Historia inayoyaacha hayo ni pungufu. Lakini dhambi ya jirani haijapata kumtakasa mtu, na Qur'ani haikutufundisha kujitetea namna hiyo siku ya hesabu.

Jibu la pili ni kusoma aya. Nalo ni jibu zuri: Sura ya Balad inaiita njia ngumu ya kupanda kuwa ni kumwacha huru mtumwa, Sura ya Tawba imetenga fungu la zaka kwa ajili hiyo, kafara ya kiapo, ya kuua bila kukusudia na ya dhihari (mume kumwapia mkewe kwamba kwake ni kama mama yake) zote zimeelekezwa huko. Bilal, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyechaguliwa kuita watu kwenye Sala. Yote haya ni kweli na yananipa faraja. Kwa hiyo swali linakuwa zito zaidi: waliokuwa na misafara walizisoma aya hizi. Walisali njiani. Hati zao ziliandikwa kwa Bismillahi. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Zanzibar 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922, na amri zote hizo zilitoka katika tawala za Waingereza. Muislamu wa leo akiulizwa kwa nini hazikutoka kwenye mimbari zetu, sioni jibu lenye heshima ila kukiri kwamba watu wa dini hii, waliokuwa na kitabu hiki, walikiacha nyuma kwa sababu ya faida. Kukiri hivyo kunamtenganisha Mwenyezi Mungu na biashara ya watu. Anayekataa kukiri anaviunganisha mwenyewe, kisha analalamika mkosoaji anapoviona vimeunganika.

Bagamoyo kuna kaburi la mtu anayenifundisha zaidi kuhusu jambo hili kuliko kitabu chochote. Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa Umanyema, mashariki ya Kongo, na akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa. Alisoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa twarika ya kisufi ya Kadiriya, na maulidi na zikri zake zikakusanya maelfu ya watu, wengi wao watu wa bara na wale waliowahi kuitwa washenzi na watwana. Mwaka 1916 akateuliwa kuwa liwali, mtawala, wa mji uleule alioingia kama bidhaa. Alifariki 1931. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kuiambia dini hii kwamba ni dini ya waliomfunga, alikuwa yeye. Misheni ya Kikatoliki ilikuwepo Bagamoyo tangu 1868, ikikomboa watumwa na kuwabatiza; njia nyingine ilikuwa wazi mbele ya macho yake. Akaichukua Qur'ani, akaishika kuliko mabwana, akawasomesha watoto wao.

Simtaji Sheikh Ramiya ili kuwafutia hesabu waliomleta. Hesabu yao iko kwa Mola wao. Namtaja kwa sababu imani yake haikutegemea wema wa Waislamu. Aliwaona Waislamu wakiwa katika hali yao mbaya kabisa, kwa karibu kuliko mkosoaji yeyote wa nje, na bado akamwona Mwenyezi Mungu. Naitamani imani ya namna hiyo kwa vijana wetu, ambao leo wakionyeshwa kosa la shekhe mmoja au ukatili wa kundi moja wanatikisika mpaka mizizi.

Juu ya kutikisika, tuseme kweli. Shaka ipo. Ipo kwa wanafunzi wa chuo kikuu, ipo kwa mabinti waliovaa hijabu vizuri, ipo kwa vijana wa Zanzibar ambao hawajawahi kuishi na mtu wa dini nyingine. Anasikia kwenye video kuhusu umri wa Bi Aisha alipoolewa na Mtume, au aya za vita, au mgao wa mirathi, anashtuka, anamwendea baba. Baba anasema astaghfirullah, usirudie maneno hayo, utakufuru. Anamwendea ustadhi, anaambiwa hayo ni maneno ya makafiri. Kwa hiyo anajifunza jambo moja tu, kwamba nyumbani swali lake halina mahali. Huko alikolitoa wanalipenda swali lake, wana majibu tayari na wana muda wote wa kumsikiliza.

Hapakuwa hivi mwanzo. Nabii Ibrahim alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyofufua wafu. Akaulizwa: kwani huamini? Akajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utue. Hakukemewa, alionyeshwa. Na katika Sahihi Muslim wako masahaba waliomjia Mtume wakasema wanakuta katika nafsi zao mambo makubwa mno hata kuyatamka. Mtume aliwauliza kama kweli wameyakuta, wakasema ndiyo, akawaambia hiyo ndiyo imani iliyo wazi. Walikuja na hofu kwamba wameritadi, wakaondoka na habari njema. Linganisha na yule baba. Tunawaogopesha watoto kwa kitu ambacho Mtume alikitumia kuwatuliza watu.

Qur'ani pia iliwaambia mabedui waliojitangaza kuwa wameamini: semeni tumesilimu, kwani imani bado haijaingia nyoyoni mwenu. Haikuwafukuza. Iliwapa jina sahihi la mahali walipo na kuwaachia njia ya kuendelea. Wengi wetu tumezaliwa tumesilimu, tumerithi majina, kanzu na Idi, na hakuna ubaya. Ila urithi huo hauwezi peke yake kukabili swali la mtu asiyeuheshimu, na Qur'ani hiyohiyo inawalaumu waliosema tu kwamba tumewakuta baba zetu juu ya njia hii.

Mimi mwenyewe, nikiulizwa kwa nini ni Muislamu, sehemu kubwa ya jibu langu haiwezi kushinda mjadala. Naamini kwa sababu ya Sura ya Dhuha, inayomkumbusha Mtume alivyokuwa yatima, akapotea na kuhitaji, kisha inamwagiza kutokana na machungu hayohayo asimwonee yatima wala asimkaripie mwombaji. Naamini kwa sababu katika sijida najua mimi ni nani. Nimesoma hoja za wanachuoni na zimenisaidia, hasa mahali pagumu, lakini si zenyewe zilizoniingiza katika imani. Ghazali, bingwa wa hoja, alipoandika kuhusu kupona kwake katika shaka, alisema hakukuwa kwa kupanga dalili na maneno, kulikuwa kwa nuru aliyoitia Mwenyezi Mungu kifuani mwake. Mtu mwenye hicho hahitaji kumfunga mdomo kila anayekataa. Anaweza kusikia hoja nzito, akasema hili nitakwenda kulisoma, na usiku akasali Isha yake kama kawaida.

Kuna wanaotukana tu, hilo halina ubishi. Yupo anayemchora Mtume kwa makusudi ya kuumiza, yupo anayelipwa kwa wingi wa watazamaji wake. Huyo haulizi chochote. Sura ya Nisaa, aya ya 140, imetaja hali hiyo: mkisikia aya za Mwenyezi Mungu zinakanushwa na kufanyiwa stihizai, yaani mzaha, msikae pamoja nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Nimeirudia aya hii mara nyingi. Haisemi wapigeni. Haisemi hata kwamba msikae nao tena milele, kwa sababu imeweka mwisho: mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Mtu anaondoka barazani kwa heshima yake, na kesho akikuta wanaongelea bei ya mchele anaweza kukaa. Katika simu ni rahisi zaidi, maana kufunga video hakuhitaji hata kusimama. Badala yake tunaisambaza kwa kundi zima la familia tukiandika "tazameni wanavyomtukana Mtume wetu", na aliyeitengeneza anapata watu ambao peke yake asingewafikia kamwe.

Lawama nzito kuliko zote za zama hizi, kwamba dini hii inafundisha kuua, ilipata jibu lake barabarani kaskazini mwa Kenya. Novemba 2014 Al-Shabaab walisimamisha basi karibu na Mandera, wakawatenga wasiokuwa Waislamu, wakawaua watu 28. Aprili 2015 wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, na huko pia waliwachagua Wakristo. Desemba mwaka huohuo wakasimamisha basi jingine, eneo la El Wak, wakaamuru abiria wajitenge kama ilivyokuwa. Safari hii Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao wa Kikristo hijabu wajifunike, na abiria wakawaambia wenye bunduki waue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Muislamu, alipigwa risasi pale na akafariki Januari 2016 kwa majeraha yale. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anashiriki mdahalo. Wale wauaji walikuwa wanasoma aya, na abiria wale hawakuwa na nafasi ya kuwajibu kwa tafsiri wala kwa sababu za kushuka kwa aya hizo. Walijua tu dini yao inawataka nini kwa jirani aliyekaa kiti cha pili, na walilijua kwa kina cha kutosha kuhatarisha roho zao.

Nani aliwafundisha abiria wale? Nadhani ni mama zao, na walimu wa duksi, vyuo vya Qur'ani vya Wasomali, na madrasa ambao majina yao hatutayajua. Kwa hiyo uwezo huo tunao. Ninachoomba kwa masheikh na maustadhi wetu ni kwamba tuufanye kwa kukusudia. Katika misikiti mingi watu hukaa kati ya Magharibi na Isha kusikiliza darsa, na darsa ikiisha wanaondoka bila kuuliza, au wanauliza kuhusu udhu na funga kwa sababu ndiyo maswali wanayojua yanaruhusiwa. Pawekwe sanduku. Watu waandike maswali yao bila majina, yale hasa ya usiku, na shekhe ayasome kwa sauti kama yalivyoandikwa, bila kumtafuta mwandishi kwa macho. Asiyekuwa na jibu aseme hana, aahidi wiki ijayo. Imamu Malik wa Madina aliletewa maswali mengi kwa mpigo, na sehemu kubwa akajibu: sijui. Wanafunzi wake hawakumwacha, na madhehebu yake yapo mpaka leo kutoka Maghribi hadi Sudan. Vijana wetu wakimsikia shekhe wao akisema hivyo mbele ya watu, kisha wakamwona Ijumaa inayofuata amekuja na kitabu na alama ndani yake, watarudi na swali la pili.